Maadili ya biashara: daftari la nafsi la Wayahudi (musari) linafaa kuingia kwenye muhula wa chuo?

#1 Chaki Nyeupe
Wadau, salaam.

Kozi nyingi za maadili ya biashara zina umbo moja. Wiki chache za nadharia, kisha visa vya makampuni yaliyoanguka, kisha mtihani. Mwanafunzi anatoka akijua kulitaja kosa kwa jina lake. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa zaidi ya 60, na Desemba 2001 ikafilisika na kitabu chake. Waliofanya yale hawakukosa taarifa.

Kuna utaratibu wa Wayahudi uitwao musari, ulioanzishwa na Rabi Yisrael Salanter huko Lithuania karne ya 19. Una tabia 13, wiki moja kwa kila tabia, na daftari la kila usiku. Muhula una wiki 15. Toa ya kwanza ya utangulizi na ya mwisho ya mtihani, zinabaki 13 kamili. Dai langu: liingizwe darasani lilivyo, kwa wanafunzi wa dini zote na wasio na dini. Anayepinga aje na hoja, si kejeli.

#2 Nyundo
Nimeweka kambi hapa. Kejeli nitaleta baadaye.

#3 Mzani wa Shaba
Mleta mada, dai zuri ila historia umeibana mno.

Jedwali la tabia 13 si la Salanter. Ni la Rabi Menachem Mendel Lefin wa Satanow, aliyelichapisha Lemberg mwaka 1808, Salanter akiwa hata hajazaliwa. Salanter alihimiza lichapwe upya Vilna miaka ya 1840. Lefin naye alilichukua kwa Benjamin Franklin wa Marekani: safu 13 za tabia, nguzo 7 za siku, nukta nyeusi kwa kila kosa, wiki moja tabia moja, unazunguka mara nne kwa mwaka. 13 mara 4 ni 52. Kwa hiyo muhula wako unampa mwanafunzi mzunguko mmoja tu, yaani robo ya zoezi.

Maandishi ya musari yenyewe ni ya kale zaidi. Bahya ibn Paquda aliandika Hispania karne ya 11, na Moshe Chaim Luzzatto alichapisha Amsterdam mwaka 1740. Salanter aligeuza maandishi kuwa vuguvugu.

#4 Bint Saadi
Sasa kama jedwali ni la Franklin, kwa nini tuzunguke Lithuania? Si tufundishe Franklin tu? Yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mwenye matbaa.

#5 Mzani wa Shaba
Kwa sababu Franklin aliishia kwenye daftari. Alikiri kwamba tabia ya mpangilio ilimshinda karibu kabisa, na hakuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini.

Lefin aliongeza wazo kwamba sehemu ya nafsi inayokurupuka haielewi hotuba, inaelewa mazoezi madogo yanayorudiwa. Salanter akaenda mbali zaidi. Alisema mtu ana nguvu zilizo wazi na nguvu zilizofichika, na zile zilizofichika ndizo zinazompeleka dakika ya majaribu. Hayo aliyaandika kabla ya Freud, baba wa uchambuzi wa nafsi. Dawa yake ilikuwa kusoma sentensi moja kwa sauti, kwa hisia na kwa mahadhi, mpaka iguse huko chini. Na akaweka ngazi tatu: kwanza mtu ahisi kosa, pili aishinde hamu, tatu hamu yenyewe ibadilike. Kozi ya chuo ikifanikiwa sana inaishia ngazi ya kwanza.

#6 Mwalimu Kengele
Kwa wanaouliza "linafanywaje", huu ndio mwendo wa kawaida wa vikundi vya sasa, hasa Marekani, ambako musari ilifufuka kuanzia miaka ya 2000:

Asubuhi, sentensi moja fupi inayohusu tabia ya wiki. Inasemwa kwa sauti, dakika mbili tatu, si kusomwa kimoyomoyo.

Mchana, ahadi moja ndogo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. "Wiki hii nitakuwa mkweli" si ahadi. "Kila barua ya kumwomba mteja radhi kwa kuchelewa, nitaandika sababu halisi ya kuchelewa" ni ahadi. Iwe ndogo kiasi kwamba kuikataa kunatia aibu. Ikikushinda siku tatu mfululizo, ipunguze, usijilaumu.

Usiku, mistari minne au mitano: tukio gani, saa ngapi, nani alikuwepo, nilikuwa na chaguo wapi, nilifanya nini. Basi. Mwanafunzi akiandika "leo nilikuwa mbinafsi" hajaandika kitu. Hiyo ni hukumu, na hukumu haikuambii kesho uangalie wapi. Akiandika "saa 10 alasiri, muuza vifaa aliuliza kama tumepata bei nyingine, nikasema ndiyo ilhali hatujapata", hapo kuna cha kufanyia kazi.

Kila wiki anakutana na mwenzake mmoja, anayeitwa havruta, wanasomeana wanachopenda kusomeana. Na kila wiki moja au mbili kikundi kidogo, vaadi. Kikizidi watu kumi kinageuka mhadhara.

Daftari la wiki mbili za kwanza huwa limejaa uongo, si kwa nia mbaya. Mtu anaandika yale anayoyaona, na yale asiyoyaona ndiyo yenye shida. Ndiyo maana kuna havruta.

#7 Nyundo
Mwalimu, yote sawa, lakini bila maksi mwanafunzi wa chuo hafungui daftari. Na ukiweka maksi ataliandika lote usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, kwa kalamu tatu tofauti ili ionekane siku tofauti.

#8 Mwalimu Kengele
@Nyundo kalamu tatu, umenichekesha. Lakini ni kweli: ukipima tabia kwa maksi, unafundisha kuigiza tabia, na hicho ndicho kipaji ambacho kozi ilitaka kukitibu.

Njia inayotumika: daftari halisomwi na mwalimu kamwe. Maksi zinatolewa kwa vitu viwili tu. Kwanza, kuhudhuria vaadi. Pili, insha moja mwishoni inayochambua zoezi lenyewe: ahadi ipi ilikuwa kubwa mno, ipi ilibadilishwa na kwa nini. Mwanafunzi anaweza kupata A akisema wazi kwamba halikufanya kazi.

#9 Ostadhi Nusu
Assalaam alaykum. Naona mnavuka bahari kuchota maji. Muhasaba, yaani mtu kujihesabu nafsi, ipo. Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857, alijulikana kwa jambo hilihili. Na huyo Ibn Paquda aliandika kwa Kiarabu, akiwa amesoma sana wanatasawufi, na kitabu chake kina mlango mzima wa mtu kujihesabu. Mleta mada anayafundisha kama ya Lithuania, lakini mzizi uko Andalusia na Baghdad.

#10 Mkatekista Mstaafu
Na nukta mnazompa Franklin zina mwenzake wa zamani zaidi. Mazoezi ya Kiroho ya Ignatius wa Loyola, yaliyoidhinishwa na Papa mwaka 1548, yana mchoro wa mistari ya siku saba, mtu anaweka alama kila anapoanguka katika kosa moja aliloteua, mara mbili kwa siku, kisha analinganisha siku na siku na wiki na wiki. Hiyo ni karibu miaka 160 kabla Franklin hajazaliwa.

Sisemi Franklin aliiba. Nasema mtu yeyote anayetaka kujirekebisha na ana karatasi ataishia kuchora jedwali.

#11 Mzani wa Shaba
Nakubaliana na #9 kuhusu Ibn Paquda. Wanazuoni wa Kiyahudi wenyewe hawabishi hilo. #10 asante, hiyo inatoboa hoja yangu kidogo.

Lakini angalia kinachotofautiana: Ignatius anaanza na dhambi moja maalumu ya mtu. Lefin anaanza na orodha, nayo haifanani sana na orodha za kanisa. Ina utulivu wa nafsi, subira, mpangilio, kukata shauri, usafi, unyenyekevu, haki, kutofuja, bidii, ukimya, upole, ukweli, kujizuia. Nusu ya hizo utazikuta kwenye tangazo la kazi la mhasibu.

#12 Kibaba Kimoja
Mnajadili daftari, mnasahau duka. Musari bila sheria za soko ni mazoezi ya kupumua. Ndani ya Uyahudi daftari lilikaa juu ya mamia ya kurasa za Talmudi, mkusanyo mkuu wa sheria za Kiyahudi, kuhusu kuuza na kununua, na huko ndiko macho yanakofunguliwa.

Mfano, Mishna (sheria za kale ambazo Talmudi inazifafanua), kitabu cha Bava Batra, sura ya 5. Muuzaji wa jumla asafishe vipimo vyake mara moja kila siku 30, mwenye nyumba mara moja kwa miezi 12 (Raban Shimon ben Gamlieli anasema ni kinyume chake). Mwenye duka asafishe vipimo mara mbili kwa wiki, afute mawe ya mizani mara moja kwa wiki, na afute sahani ya mizani kila baada ya kupima. Kwa nini? Mafuta na asali vinaganda ndani ya kipimo, kipimo kinapungua ujazo, mteja anapunjwa bila mtu yeyote kukusudia. Hapo mwanafunzi anajifunza kwamba kuna wizi usio na mwizi, na dawa yake ni ratiba ya usafi.

Au bei. Kitu thamani yake 6,000. Ukiuza 6,500, imesamehewa. Ukiuza 7,000, yaani sita moja kamili juu, mauzo yanasimama ila unarudisha 1,000. Ukizidisha hapo, mauzo yanaweza kubatilishwa. Mnunuzi ana muda wa kutosha kumwonyesha mfanyabiashara mwingine au ndugu yake, si milele. Na sheria inakata pande zote: mnunuzi akimbana muuzaji akanunua kwa 5,000, naye amepunja.

Halafu kuna upunjaji wa maneno: usiulize "hii bei gani?" kama huna nia ya kununua. Mpe mwanafunzi hiyo kama ahadi ya wiki moja, uone.

#13 Chaki Nyeupe
Hiyo ya kupunja inatumika kwa viwanja pia? Maana hapo nina visa vingi vya darasani.

#14 Mzani wa Shaba
Hapana. Mishna inaiondoa ardhi waziwazi, pamoja na hati za madeni. Wafafanuzi wanabishana kama hata kwa ardhi kuna kikomo pale tofauti inapokuwa kubwa kupita kiasi. Tafuta visa vingine.

#15 Nyundo
Kibaba Kimoja, tuambie kuhusu lumbesa basi, yale magunia ya mazao yanayojazwa kupita kipimo. Au Talmudi haikufika Kariakoo?

#16 Kibaba Kimoja
Unatania lakini ipo, Bava Batra 88 hadi 89. Mahali ambapo desturi ni kujaza kipimo mpaka kifanye mlima, usisawazishe kwa kijiti. Mahali pa kusawazisha, usijaze mlima. Na hata mtu akisema "nitajaza mlima ila utaniongezea bei", au "nitasawazisha ila nitakupunguzia", hasikilizwi. Sababu zinazotolewa ni zaidi ya moja, ila iliyo dhahiri ni kwamba mtu wa tatu anayepita na kuona atadhani hicho ndicho kipimo cha soko.

Lumbesa inaanguka hapohapo. Hoja ya dalali huwa "mkulima mwenyewe kakubali". Walishaijibu: makubaliano ya wawili hayaruhusiwi kuharibu kipimo cha wote.

#17 Nyundo
Nimenyamaza. Kwa muda.

#18 Hali si Tabia
Naomba nimwage maji baridi. Darley na Batson, 1973, Princeton. Wanafunzi wa seminari wanatumwa jengo jingine kutoa mazungumzo, baadhi yao kuhusu Msamaria Mwema. Njiani kuna mtu amejikunja mlangoni anakohoa. Wasio na haraka, asilimia 63 walisaidia. Wenye haraka ya wastani, 45. Waliochelewa kabisa, 10. Mada ya mazungumzo haikuleta tofauti ya maana.

Watu waliochagua maisha ya kiroho, na kilichoamua ni saa. Sasa ninyi mnataka daftari la usiku limzuie meneja wa mauzo anayetakiwa kufikia lengo la robo mwaka? Badilisheni mfumo wa bonasi, acheni nafsi za watu.

#19 Bint Saadi
Lakini kuna utafiti mwingine ulioonyesha kwamba watu wakikumbushwa Amri Kumi kabla ya mtihani hawadanganyi. Wa 2008.

#20 Hali si Tabia
Dada, huo ulirudiwa na maabara nyingi kwa pamoja, matokeo yakatoka 2018, na athari haikuonekana. Usiutegemee.

#21 Mwalimu Kengele
@Hali si Tabia hoja yako ni nzito, ila Rabi Eliyahu Dessler (1892–1953), aliyelelewa katika shule ya musari ya Kelm, ana jibu lisilokukanusha. Alisema mtu hana uhuru wa kuchagua kila mahali. Ana mstari wa mbele, kama wa jeshi vitani. Nyuma ya mstari ni mambo ambayo hata hayamjaribu tena. Mbele yake ni mambo ambayo kwa sasa atashindwa tu. Chaguo la kweli liko kwenye mstari wenyewe, na kila ushindi au kushindwa kunausogeza.

Kwa darasa, hii inabadilisha visa vyote. Unapompa mwanafunzi wa miaka 21 kisa cha mkurugenzi kughushi mabilioni, unampa kitu kilicho nyuma ya mstari wake. Anakataa kwa urahisi, anajiona mwema. Mstari wake uko kwenye risiti ya teksi ya 8,000 aliyoandika 10,000, au kwenye jina la mwenzake aliloweka kwenye kazi ya kikundi ambayo mwenzake hakuifanya. Na haraka uliyoitaja ni ahadi nzuri ya daftari: acha dakika 15 kati ya kikao na kikao. Mtu akijua saa inamshinda, anaishughulikia saa.

#22 Hali si Tabia
Hiyo nimeipenda, lakini umekubali hoja yangu kwa jina lingine.

#23 Mwana wa Vilna (wa mtandaoni)
Kuna jambo mmeliruka. Salanter hakuanza na wanafunzi. Alianza na wafanyabiashara. Miaka ya 1840 alianzisha nyumba za musari Vilna ili mwenye duka aingie baada ya kazi, asome, ajihesabu. Haikushika. Vuguvugu likahamia kwa vijana wa yeshiva, yaani vyuo vya dini vya Kiyahudi: Kelm chini ya Simcha Zissel Ziv, Slabodka chini ya Nosson Tzvi Finkel, Novardok chini ya Yosef Yozel Horwitz. Na huko pia halikupita kimya. Mwaka 1897 Slabodka iligawanyika, wanafunzi wengi wakiipinga musari.

Kwa hiyo mleta mada anataka kurudisha zoezi kwa walewale ambao halikuwashika. Kwa nini halikuwashika?

#24 Mzani wa Shaba
Muda. Mwenye duka anafunga usiku, amechoka. Kijana wa yeshiva ana siku nzima.

#25 Ostadhi Nusu
Si muda. Muhasaba haihitaji saa nzima. Tatizo ni kwamba mfanyabiashara anarudi kesho kwa washindani wasiojihesabu. Anayesafisha kipimo peke yake sokoni anakula hasara peke yake.

#26 Mkatekista Mstaafu
Mimi nasema umri. Salanter mwenyewe alihamishia nguvu kwa vijana. Mtu wa miaka 45 tabia imeshaganda.

#27 Mwana wa Vilna (wa mtandaoni)
#26, Horwitz alikuwa mfanyabiashara mwenye familia alipokutana na Salanter huko Memel na kubadilika. Lakini kweli, baada ya hapo aliacha biashara, hakurudi dukani na daftari. Na msisahau kwamba swali halikupata muda wa kujibiwa: mwaka 1941 Slabodka na Kelm ziliangamizwa pamoja na watu wake.

#28 Nyundo
Muda wangu wa kunyamaza umeisha. Madoff je, yule tapeli wa uwekezaji wa Marekani? Alikuwa mwekahazina wa bodi ya Chuo Kikuu cha Yeshiva na mwenyekiti wa bodi ya shule yao ya biashara mpaka alipokamatwa Desemba 2008. Daftari lake lilisemaje?

#29 Kibaba Kimoja
Kukaa kwenye bodi si kufanya zoezi, mkuu. Ukitaka kisa cha kuumiza hoja, tafuta mtu aliyekaa vaadi miaka kumi kisha akaiba. Cha Madoff kinafundisha kingine: watu waliacha kukagua kwa sababu ni mwenzao. Kama kuna tabia ya kufanyia kazi hapo, ni ya wakaguzi.

#30 Bint Saadi
Basi wakaguzi wapelekwe Novardok. Nimesoma kwamba vijana wa kule walitumwa duka la dawa kuuliza misumari, wachekwe, wazoee aibu. Hiyo naona ina faida kuliko jedwali zima. Udanganyifu mwingi wa ofisini unapita kwa sababu mtu mmoja kwenye kikao aliogopa kuonekana mjinga kwa kuuliza "hii namba imetoka wapi?"

#31 Mwalimu Kengele
Ni kweli zoezi hilo lilikuwepo, na unalielewa sawasawa. Lakini uangalifu: Slabodka ilikwenda njia ya pili kabisa, ikisisitiza ukuu wa mwanadamu, hadi mavazi nadhifu. Ukichanganya shule mbili kwa mwanafunzi mmoja unamvuruga. Mwenye kiburi anafaidika na misumari. Mwenye kujidharau inamvunja, na huyo hatakuambia.

#32 Mhasibu wa Zamu
Onyo kwa mleta mada: siku kozi hii ikipendwa na makampuni, idara ya rasilimali watu itataka "daftari la uadilifu" la kila mfanyakazi. Hapo limekuwa ushahidi wa nidhamu. Na tabia zitakazochaguliwa zitakuwa subira, kutofuja na ukimya za wafanyakazi. Hutaona wiki ya haki kwa wakubwa.

Inasimuliwa kwamba Salanter aliulizwa na wanafunzi wake wawe waangalifu na nini zaidi wanaposimamia uokaji wa mkate wa Pasaka. Akawaambia wasiwahimize kupita kiasi wanawake wanaokanda, wengi wao wajane. Na Walawi 19:13 inasema ujira wa kibarua usilale kwako usiku mmoja. Kampuni inayolipa baada ya siku 60 isianze na nafsi za watu.

#33 Ostadhi Nusu
Umesema kweli tupu.

#34 Chaki Nyeupe
Nashukuru wote. Nimepunguza: tabia 4, wiki tatu kila moja, maksi kama alivyosema Mwalimu Kengele. Ukweli, mpangilio, haki, ukimya. Ila nina swali moja gumu. Visa vya udanganyifu nivitoe? Vinafundisha mbinu.

#35 Kibaba Kimoja
Raban Yohanan ben Zakai alikwama hapohapo, alipofikia hila za vipimo kwenye Bava Batra 89. Ole wangu nikisema, wadanganyifu watajifunza. Ole wangu nisiposema, watadai wenye elimu hawazijui kazi zao. Talmudi inauliza alisema au hakusema, na jibu ni kwamba alisema.

#36 Hali si Tabia
Na hatujui wangapi walijifunza.

#37 Nyundo
Mleta mada, ukimya wiki tatu? Mimi sijiandikishi. Na kwa nini umeacha unyenyekevu, au umeona mwalimu ndiye atakayefeli?

#38 Mwalimu Kengele
Unyenyekevu usiwe wa kwanza kamwe, kwa watu wa biashara. Wanaugeuza kuwa mbinu ya kuomba kazi. Anza na mpangilio: daftari lenyewe linahitaji mpangilio, na asiyeweza kuliandika siku saba mfululizo hatafika kwenye ukweli.

#39 Bint Saadi
Mpangilio ndio uliomshinda Franklin, umesahau #5?

#40 Mwalimu Kengele
Sijasahau. Ndiyo maana nasema wiki tatu, na havruta wa kumpigia simu saa tatu usiku.